Daftari la Dawes na bibi Mcherokee wa kila ukoo

Jirani yangu hapa Fort Worth, Texas, ni mzee wa miaka sabini na kitu, Mmarekani Mweusi, fundi bomba aliyestaafu. Siku aliposikia kwamba napenda kupekua nyaraka za kale, alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa kibarazani kwangu na kunieleza jambo ambalo nilikuwa nimeshalisikia kanisani na kwa kinyozi: bibi wa mama yake alikuwa Mcherokee. Halafu akajigusa shavuni, juu kidogo, penye mfupa, kana kwamba ushahidi umehifadhiwa pale.

Ukikaa Marekani muda wa kutosha utakutana na bibi huyu kila kona. Wazungu wanaye, Weusi wanaye, na mara nyingi anatajwa kuwa binti wa mfalme, ingawa Wacherokee hawakuwa na wafalme wa kuwazalia mabinti. Katika sensa ya 2010 watu 819,105 walijiandika kuwa na asili ya Kicherokee. Sensa ya 2020 ilipofika, idadi ilikuwa imevuka milioni moja na nusu. Kuzaana hakuwezi kueleza ongezeko hilo la miaka kumi. Mataifa ya Wacherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani ni matatu. Taifa la Cherokee, makao yake Tahlequah, Oklahoma, lina raia zaidi ya 450,000. United Keetoowah Band, ambao nao makao yao ni Tahlequah, na Eastern Band wa North Carolina wana watu wachache sana wakilinganishwa nalo. Wajumlishe wote, utapata karibu theluthi moja tu ya wale wanaojiita Wacherokee mbele ya karani wa sensa.

Sisi wa pwani tusiwacheke. Babu zetu wangapi walishuka jahazini wakitoka Shiraz? Zanzibar wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mgao wa chakula ulipofuata kabila, si wachache waliogundua ghafla kwamba wao hawakuwa waliodhaniwa kuwa. Mtu akiulizwa yeye ni nani, hutazama kwanza anayeuliza ameshika nini mkononi.

Ndiyo maana nilimwambia mzee tuanze na anayeuliza, kisha ndipo tumtafute bibi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Wacherokee mambo yalikwenda kinyume: mali yao ilipotea kwa daftari, tena daftari safi, lenye namba, safu na mihuri. Mwaka 1893 Bunge la Marekani liliunda tume chini ya Henry Dawes, aliyekuwa ametoka tu kwenye useneta wa Massachusetts, na kuituma kwa mataifa matano yaliyokuwa yakiishi katika eneo lililoitwa Indian Territory, Oklahoma ya leo: Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole. Ardhi ya mataifa hayo ilikuwa ya wote. Mtu alilima alipoweza, nyumba na mazao vikawa vyake, lakini udongo haukuuzwa. Washington ilitaka udongo huo ukatwe vipande, kila kipande kiwe na mwenyewe na hati yake, kisha kilichobaki cha serikali za Wacherokee na wenzao kifutwe ili jimbo jipya lizaliwe. Huwezi kugawa ardhi kwa watu usiowajua majina. Orodha ya Dawes ikaandikwa.

Mwanzoni tume ilibembeleza. Mwaka 1898 sheria iliyobeba jina la Charles Curtis, mbunge wa Kansas aliyekuwa mwenyewe na damu ya wenyeji, ilimaliza ubembelezi: uandikishaji ukawa amri, na mahakama za mataifa hayo zikavunjwa. Makarani wakasafiri na mahema na meza zao. Zaidi ya watu 250,000 waliomba kuandikwa katika mataifa yote matano, na waliokubaliwa walizidi kidogo 100,000. Orodha ikafungwa Machi 1907, na mwezi Novemba mwaka huo huo Oklahoma ikawa jimbo.

Hesabu ya walioomba na waliopata inafaa kurudiwa polepole. Kila watano walioomba, watatu walikataliwa. Wengine walikuwa walaghai walionusa ardhi ya bure. Wengine walikuwa Wacherokee kabisa kwa baba na mama, ila walikuwa wamehamia Texas, Arkansas au California, na sheria ilimtaka mtu awe mkazi wa Indian Territory. Aliyevuka mto kutafuta kazi akapotea kwenye orodha, pamoja na vitukuu vyake ambao leo wanaapa, na pengine wanasema kweli, kwamba bibi yao alikuwa Mcherokee. Kwa hiyo orodha haijibu swali la nani alikuwa na damu ya Kicherokee. Inajibu swali jembamba zaidi: nani alikuwa raia wa taifa hilo, akiishi katika ardhi yake, akiwa hai siku iliyowekwa, na tume ikamkubali. Siku hiyo kwa Wacherokee ilikuwa 1 Septemba 1902. Kwenye kadi nyingi utaona muhuri unaosema fulani alikufa kabla ya tarehe hiyo, jina lake limepigwa mstari, na fungu lake la ardhi limekwenda na maji. Watoto waliozaliwa baadaye, hadi Machi 1906, waliongezwa katika orodha yao ya pembeni.

Kadi zenyewe zinavutia kuliko kitabu cha majina. Kitabu kinakupa jina, umri, jinsia, kiwango cha damu na namba. Kadi ni ya familia. Mkuu wa kaya yuko mstari wa kwanza, chini yake mke na watoto, kila mmoja na uhusiano wake na yule wa kwanza. Kuna wilaya walikoishi: Goingsnake, Flint, Saline, Tahlequah, Cooweescoowee na nyinginezo, kwa jumla tisa. Kuna majina ya baba na mama wa kila mtu na kama walikuwa hai au wamekufa. Na kuna safu ambayo mgeni huiruka: mwaka na namba ya orodha ya zamani ambamo mtu huyu aliwahi kuandikwa. Mara nyingi ni ya 1880, na hiyo iliandikwa na Wacherokee wenyewe, ikathibitishwa na baraza lao. Safu hiyo ndiyo ngazi ya kupandia kwenda kwa babu wa babu. Nimeona watu wakitoka na nakala ya kadi wakifurahia jina, na ngazi wameiacha imeegemea ukutani.

Jambo moja huwachanganya karibu wote, nami lilinichanganya. Kadi ina namba yake, na kila mtu aliyekubaliwa ana namba yake ya orodha. Ni namba mbili tofauti. Namba ya kadi inakupeleka kwa familia na kwenye jalada la maombi, lenye mahojiano, vyeti vya ndoa na viapo vya wakunga. Namba ya orodha ni ya mtu mmoja, na ndiyo Taifa la Cherokee linaitaka unapoomba uraia. Tena kila kundi lilihesabiwa upya kutoka moja: walioandikwa kwa damu, Wazungu waliooa au kuolewa, watoto wachanga, na wale walioitwa walioachwa huru, yaani waliotoka utumwani, ambao nitawarudia. Namba 500 ya kundi hili si ndugu wa namba 500 ya kundi lile.

Halafu majina. Karani alisikia Kicherokee kwa sikio la Kiingereza, kupitia mkalimani, akaandika alichodhani amesikia. Ajabu ni kwamba Wacherokee walikuwa na maandishi yao tangu 1821, yaliyobuniwa na Sequoyah, na tangu 1828 walikuwa na gazeti la lugha mbili, Cherokee Phoenix. Watu walioweza kuandika majina yao wenyewe bila kosa waliandikiwa kwa makosa na wageni. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina mawili ya ukoo: mmoja amebaki na jina la Kicherokee la baba, mwingine amepewa tafsiri yake ya Kiingereza. Ushauri wangu, baada ya kupotea mara kadhaa, ni kuacha kutafuta tahajia na kutafuta kaya. Tazama kadi ya kabla na ya baada. Watu walikwenda kwenye hema na jamaa zao, wakapanga foleni pamoja, na karani aliandika kwa foleni. Shangazi usiyempata kwa jina mara nyingi amesimama nyuma ya mama yako.

Wapo pia waliogoma kwenda. Redbird Smith na wafuasi wake wa jumuiya ya washika mila ya Keetoowah, walioitwa Nighthawk, waliona kuandikwa ni kutia saini kifo cha taifa, na hawakukosea. Mwaka 1902 alikamatwa na kufungwa Muskogee. Waliogoma waliandikwa hivyo hivyo, kwa majina na umri uliotajwa na majirani au yeyote aliyekubali kusema. Ukikuta kadi ya mtu ambaye miaka ya watoto wake haiingii akilini na majina ya wazazi hayapo, usikimbilie kusema karani alikuwa mvivu. Huenda mwenye jina hakuwepo mezani. Huenda alikuwa porini, amekataa. Kadi yenye mapengo nayo ni ushahidi, pengine mkubwa kuliko ile iliyojaa.

Kurudi nyuma zaidi ya Dawes kunataka ujue kila orodha ililipwa na nani. Orodha ya Drennen ya 1852 iliandikwa Magharibi kwa ajili ya kugawa fedha kwa waliohamishwa. Chapman na Siler, za miaka hiyo hiyo, ni za waliobaki Mashariki, nazo pia ni za fedha. Ya Henderson, 1835, ni hesabu ya mali kabla ya kumfukuza mwenye mali: inataja mkuu wa kaya peke yake, kisha idadi, yaani wangapi wanasoma Kiingereza, wangapi wanasoma Kicherokee, ekari ngapi zimelimwa, mahindi kiasi gani yamevunwa. Inahesabu Wacherokee 16,542 mashariki ya mto Mississippi, Wazungu 201 walioingia kwa ndoa, na watumwa 1,592. Desemba ya mwaka ule kikundi kidogo, akiwemo Major Ridge, kilitia saini mkataba wa New Echota wa kuuza nchi yote, kinyume cha chifu John Ross na watu walio wengi. Mwaka 1838 jeshi la Jenerali Winfield Scott likawakusanya watu kwa bunduki. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba Wacherokee wapatao 4,000 walikufa kambini na njiani. Watumwa wao walitembea njia ileile.

Orodha ninayoipenda kuliko zote ni ya Guion Miller, na inanishangaza kwamba haizungumzwi sana. Mahakama ya Madai iliamua kwamba serikali ilivunja mikataba yake na Wacherokee wa Mashariki, ikaamuru walipwe zaidi ya dola milioni moja. Maombi yalipokewa hadi Agosti 1907. Fomu ilimtaka mwombaji ataje jina lake la Kiingereza na la Kicherokee, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, kaka na dada, wajomba na mashangazi, nani alizaliwa wapi na nani alikufa lini. Yakaja maombi karibu 46,000, yakibeba majina ya watu wapatao 90,000. Waliolipwa ni kama 30,000. Hao wengine 60,000 walikataliwa, lakini karatasi zao hazikutupwa. Ndani yake mna masimulizi ya koo za Georgia, Alabama na Tennessee, za Wazungu na za Weusi, watu walioamini mwaka 1907 kwamba walikuwa Wacherokee. Bibi wa kila ukoo tuliyeanza naye amelala humo, na hadithi yake ina zaidi ya miaka mia moja. Fomu iliyokataliwa haitakupa uraia, ila inaweza kukupa majina matano ya wazee wako ambayo huyapati popote pengine.

Wa Mashariki wana yao. Mababu wa Eastern Band walibaki katika milima ya North Carolina, na uanachama wao unapimwa kwa Orodha ya Baker ya 1924 pamoja na sharti la damu sehemu moja ya kumi na sita. United Keetoowah Band wanataka robo. Taifa la Cherokee la Oklahoma halina sharti la kiwango cha damu. Ukithibitisha kwamba unatoka moja kwa moja kwa mtu aliye kwenye Orodha ya Dawes, hata ukiwa kining'ina wake na nywele zako ni za rangi ya mahindi, wewe ni raia.

Sehemu hiyo ndiyo huwakera wengi. Wanauliza: inakuwaje Mzungu mtupu awe na kitambulisho cha Kicherokee, na mwenye sura ya wenyeji wa Amerika asiwe nacho? Swali linadhani kwamba Ucherokee unakaa kwenye damu, na dhana hiyo waliileta makarani.

Kabla ya makarani kulikuwa na koo saba, na ukoo ulitoka kwa mama. Mluguru hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto wa mwanamke wa ukoo wa Mbwa Mwitu, hata baba awe mfanyabiashara Mskoti, alikuwa Mcherokee kamili, si nusu. Mtoto wa Mcherokee aliyeoa Mzungu ndiye aliyekuwa na tatizo, kwani hakuwa na ukoo. Baraza lilitatua hilo kwa sheria mwaka 1825, enzi ambayo vijana waliosoma Connecticut walikuwa wakirudi na wachumba wa Kizungu, likaamua watoto wao wawe raia. Miaka sabini kabla ya Dawes, basi, taifa hili lilikuwa likitunga sheria za uraia kama taifa lingine lolote. Hakuna aliyekuwa akiigawa damu kwa nusu, robo na thumni kama chenji ya dukani.

Thumni ilikuwa na kazi yake. Kila Mcherokee aliyeandikwa alipewa ardhi yenye thamani ya ekari 110 za wastani, na mwanzoni ardhi hiyo haikuruhusiwa kuuzwa ovyo. Sheria ya 27 Mei 1908 ikaja na ngazi. Walioandikwa kama Wazungu wa ndoa, walioachwa huru, na wenye damu pungufu ya nusu waliondolewa vizuizi vyote siku moja. Wenye nusu hadi robo tatu walibakiwa na kinga kwenye kiwanja cha makazi tu. Wenye robo tatu na zaidi walibaki chini ya ulinzi. Sheria hiyo hiyo ikaongeza kwamba kiwango kilichoandikwa kwenye orodha ni ushahidi usiopingika. Neno ambalo karani alilikisia kwa kumtazama mtu usoni, dakika tano, chini ya hema, likawa ndilo linaloamua kama dalali anaweza kubisha hodi kesho asubuhi. Wadalali walibisha.

Kwa hiyo ukisoma robo kwenye kadi ya babu yako, usiikusanye na thumni ya bibi yako ili ujue wewe ni asilimia ngapi. Unakokotoa makisio ya mtu aliyekuwa akipanga soko la ardhi. Hapo natofautiana hata na baadhi ya ndugu zetu wanaofanya kazi hii kwa bidii: kadi ni ushahidi mzuri wa nani alikuwa mtoto wa nani, na ni ushahidi mbovu wa damu.

Vipimo vya vinasaba havikuondoa ugonjwa, vimeuvalisha koti jeupe tu. Oktoba 2018 Seneta Elizabeth Warren, aliyekulia Oklahoma akisimuliwa kwamba mama yake alikuwa na asili ya wenyeji wa Amerika, alitoa matokeo yaliyoonyesha mzee mmoja mwenye asili ya wenyeji vizazi sita hadi kumi nyuma. Sampuli za kulinganishia zilitoka Mexico, Peru na Colombia, kwa kuwa wenyeji wa Marekani wachache wamekubali kupimwa. Chuck Hoskin Jr., wakati huo katibu wa serikali (Secretary of State) wa Taifa la Cherokee na leo chifu mkuu, alijibu kwamba kutumia kipimo hicho kudai uhusiano na taifa lolote la wenyeji ni kosa. Warren aliomba radhi mapema 2019. Waliompinga walicheka kwa sababu asilimia ilikuwa ndogo. Wacherokee walilalamikia jambo lingine: hata ingekuwa kubwa, mate kwenye kichupa hayakufanyi raia wa nchi yoyote. Mimi siwi Mwomani kwa kupimwa mate.

Hapo Taifa la Cherokee lilikuwa na haki kabisa. Lakini taifa hilo hilo, miaka kumi na moja kabla, lilikuwa limetumia damu kama fimbo.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mkataba wa 1866 kati ya Marekani na Taifa la Cherokee ulisema kwamba watumwa walioachwa huru na wazao wao watakuwa na haki zote za Wacherokee wa asili. Tume ya Dawes ilipofika iliwapangia orodha yao. Mara nyingi karani alitazama ngozi: mwenye dalili za Uafrika alipelekwa upande ule, hata kama baba yake alikuwa Mcherokee na kila mtu kijijini alijua. Na kwenye orodha ile safu ya damu haikuwekwa. Mwaka 1983 wazao hao walianza kuzuiwa kupiga kura. Mwaka 2006 mahakama ya juu ya Wacherokee ikawarudishia uraia. Machi 2007 zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura waliamua raia lazima awe na mzee aliyeandikwa kwa damu, na watu wapatao 2,800 wakawekwa nje ya mlango. Agosti 2017 Jaji Thomas Hogan wa mahakama ya shirikisho mjini Washington akaamua kwamba mkataba wa 1866 bado unafunga pande zote mbili. Februari 2021 mahakama ya juu ya Wacherokee yenyewe ikayafuta maneno yanayodai damu kwenye katiba yao. Nawapa sifa kwa hilo. Serikali nyingi zilizoshindwa kesi hutafuta rufaa, au uchochoro.

Sasa mzee wangu. Tulianzia nyuma, kutoka kwake kwenda kwa mama yake, kwa bibi yake, hadi kwa yule bibi wa mama, ambaye familia inakumbuka alizaliwa karibu na Fort Gibson. Tulimtafuta siku tatu jioni kati ya walioandikwa kwa damu. Hakuwepo. Siku ya nne nikamwomba ruhusa tutazame upande wa pili. Alinyamaza kidogo, akasema, "Tazama."

Alikuwa na miaka tisa, mstari wa nne kwenye kadi, chini ya mama na kaka wawili. Wilaya ya Illinois, mojawapo ya zile tisa za Wacherokee. Pale ambapo kadi nyingine ina robo na thumni, hii ilikuwa na safu inayouliza: mtumwa wa nani. Mbele ya jina la mama kulikuwa na jina la mwanamume, la Kiingereza, lililoandikwa kwa mkono mzuri sana. Nyuma ya kadi, kwenye majina ya babu na bibi, safu ya mwenye mali ilijazwa tena, jina lilelile kwa upande wa bibi na jina jingine kwa upande wa babu.

Mzee aliisoma akiwa amevua miwani, karibu na kioo. Hakujigusa shavu. Aliniuliza kama yule mwenye mkono mzuri alikuwa Mzungu. Nilimwambia hapana, kwa jina na wilaya aliyoandikwa, huyo bwana mwenyewe alikuwa Mcherokee. Akakaa. Baada ya muda akasema, "Kwa hiyo tulikuwa kwao kweli."

Kisheria sasa mlango uko wazi. Aliyeandikwa kwenye orodha hiyo anahesabika sawa na mwingine yeyote, na kitukuu chake anaweza kuomba. Inabaki kazi ya kuunganisha pete kwa karatasi: cheti cha kila kizazi kinachotaja mzazi wa kizazi kinachofuata. Pete inayokosekana ni ya bibi yake, aliyezaliwa nyumbani kwa mikono ya mkunga, na hakuna aliyepeleka habari ofisini. Tulichopata ni ratiba ya mazishi yake, imekunjwa ndani ya Biblia, inayotaja kaunti aliyofia. Cheti cha kifo huandikwa majina ya wazazi wa marehemu, kwa hiyo ameandika barua kwenda kule na kulipa ada. Fomu nyingine zote amejaza kwa herufi kubwa za fundi.

Juzi usiku alinipigia simu. Alitaka kujua kama namba aliyoweka ni ya orodha au ya kadi. Nikamwambia anisomee. Ilikuwa ya kadi.